Koltani ya Rubaya: mfuko wa kawaida barabarani, mzigo wa mionzi bandarini

Mfuko wa koltani unaposhuka kutoka Rubaya, kwanza mgongoni mwa mbebaji, kisha juu ya pikipiki, mwishoni ndani ya kamyo, hakuna anayeuliza kama una mionzi. Watu wanauliza uzito, asilimia ya tantali, mwenye mali ni nani, na alilipa ngapi kwenye baryeri iliyopita. Mfuko huohuo ukifika kwenye bandari ya bahari na kuingizwa ndani ya kontena, unaweza kubadilika jina. Kontena linabandikwa alama ya manjano na nyeupe yenye namba 7 chini yake. Hiyo ni alama ya bidhaa za hatari za daraja la saba, yaani zenye mionzi. Kati ya Masisi na bandari hakuna mtu aliyemwaga urani ndani ya mfuko. Madini yalioshwa, yakachambuliwa, na mwisho wa safari mtu mmoja akapima.

Jambo hili halisemwi sana Kivu, ambako mazungumzo kuhusu koltani ni ya vita, bei na magendo. Lakini linagusa kila mtu anayeshika madini hayo kabla hayajafika baharini, na linagusa serikali ya Kinshasa, ambayo ina sheria juu ya usafirishaji wa vitu vyenye mionzi lakini haina tena mkono kwenye barabara ambako mizigo hiyo inapita.

Maelezo ya kitaalamu si magumu. Tantali na niobi, metali mbili zinazofanya koltani itafutwe duniani, zinakaa ndani ya jiwe pamoja na kiasi kidogo cha urani na thori. Hakuna aliyeziweka humo, ndivyo jiwe lilivyoumbwa. Kanuni za kimataifa za usafirishaji, zinazotolewa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, AIEA, zinaweka mpaka kwa madini ya asili ya namna hiyo: bekereli 10 kwa kila gramu. Chini ya hapo mzigo unasafiri kama mawe mengine yoyote. Juu ya hapo unakuwa daraja la saba. Kwa upande wa urani peke yake, bekereli 10 kwa gramu ni karibu gramu 800 za urani ndani ya tani nzima ya madini. Kwa thori ni karibu kilo mbili na nusu kwa tani. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakina harufu, na mzani wa negosian hauwezi kukitofautisha. Koltani iliyosafishwa vizuri, ile ambayo wanunuzi wanaipenda kwa sababu mchanga umetoka, inaweza kupita mpaka huo kwa urahisi, maana kadiri mchanga unavyopungua ndivyo urani na thori vinavyobaki vikiwa vimekusanyika.

Kupita mpaka huo si sawa na kuwa sumu. Mtu anayebeba mfuko wa koltani kwa saa moja hatapata ugonjwa kwa sababu ya mionzi. Wasiwasi wa wataalamu uko kwenye miaka: vumbi linalovutwa kila siku na wale wanaosaga na kuchekecha, gesi ya radoni inayojikusanya ndani ya depo lililofungwa bila madirisha, mlinzi anayelala karibu na tani kadhaa za mifuko. Kanuni za kimataifa zinasema raia wa kawaida asipokee zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka kutokana na kazi za namna hiyo, na mfanyakazi anayefuatiliwa rasmi asizidi 20 kwa wastani. Ili kujua kama mlinzi wa depo la Goma anapita hapo au hapana, ni lazima kwanza mtu aingie na kipimo. Na kwa sheria ya Kongo mtu huyo anajulikana.

Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2002 inahusu ulinzi dhidi ya hatari za mionzi, pamoja na ulinzi wa vitu vya nyuklia na mahali vinapowekwa. Kutokana nayo ilizaliwa kamati ya taifa ya kujikinga na mionzi, CNPRI, ambayo ndiyo yenye kutoa ruhusa na kukagua. Pembeni yake kuna CGEA, taasisi ya nguvu za atomiki, iliyo ya zamani zaidi, yenye wanasayansi na maabara, na yenye dhamana ya kituo cha utafiti cha Kinshasa kilicho na mitambo miwili ya nyuklia, TRICO I na TRICO II. Ule wa kwanza uliwashwa mwaka 1959 na ulikuwa wa kwanza barani Afrika. Kwenye karatasi mgawanyo uko wazi: mmoja anatumia mionzi, mwingine anamchunga anayetumia. Lakini huko Katanga, kwa miaka mingi, maajenti wa CGEA ndio walioonekana na vipimo mikononi wakipima makamyo ya madini. Wenye mizigo walizoea kuona huduma zaidi ya moja zikidai neno juu ya mzigo mmoja, pamoja na forodha ya DGDA, OCC na CEEC. Mfanyabiashara anayetoka na karatasi tano hajui ni ipi kati yake inayosema mzigo wake ni salama.

Katanga ndiko Kongo ilikojifunza somo hili, na ilijifunza vibaya.

Mwezi wa kumi mwaka 2007, kule Likasi, viongozi walikamata shehena ya madini ya shaba yenye mionzi mikali kuliko inavyoruhusiwa. Hadi hapo kazi ilifanyika vema: mtu alipima, mzigo ukasimamishwa. Amri ikatoka kwamba madini yapelekwe Shinkolobwe, kwenye mgodi wa zamani wa urani, yakatupwe huko mbali na watu. Makamyo yakaondoka. Hayakufika. Tani karibu 17, kwa hesabu zilizotolewa wakati huo, zilimwagwa kwenye mto Mura, mto ambao wakaaji wa Likasi wanautegemea kwa maji. Kashfa ikapanda hadi Kinshasa, tume ya mawaziri ikatumwa, watu wakakamatwa.

Ukiangalia kwa makini, kilichokosekana Likasi hakikuwa kipimo wala amri. Kilikosekana kile ambacho kanuni za usafirishaji zinakitaka kabla gari halijawasha moto: karatasi inayomtaja mtumaji na mpokeaji, njia iliyokubaliwa, dereva aliyefundishwa, mtu anayesubiri upande wa pili na kusaini kwamba amepokea. Aliyepewa kazi ya kwenda kutupa alipewa mzigo, akaachiwa barabara. Daraja la Mura lilikuwa karibu kuliko Shinkolobwe.

Miaka kumi na moja baadaye, tatizo lilirudi likiwa limevaa suti. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2018, kampuni ya Katanga Mining, ambayo mwenye hisa nyingi alikuwa Glencore, ilitangaza kwamba tawi lake la Kolwezi, Kamoto Copper Company, linasimamisha kusafirisha kobalti. Urani ilikuwa imeonekana ndani ya bidhaa kwa kiwango kinachozidi kile kinachokubaliwa ili mzigo upite kwenye bandari kubwa za Afrika. Kampuni ilisisitiza kwamba kiwango hicho ni kidogo na hakihatarishi afya. Hata hivyo kobalti ilibaki imelundikwa Kolwezi kwa miezi, na ni mwezi wa nne mwaka 2019 tu ndipo kiasi fulani kilipoanza tena kutoka. Mpango wa kujenga mtambo wa kuondoa urani ulikadiriwa kugharimu dola milioni 25.

Tazama maneno ya tangazo lile: "bandari kubwa za Afrika". Kipimo kilichosimamisha moja ya migodi mikubwa ya kobalti duniani kilikuwa kile cha bandari za nje. Kongo haina bandari kwa upande wa mashariki. Kobalti ya Kolwezi inapita Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, inaingia Zambia, kisha inakwenda Dar es Salaam, Durban au Beira. Zambia ina mamlaka yake ya kujikinga na mionzi, Tanzania ina tume yake ya nguvu za atomiki, TAEC, na makampuni ya meli yana masharti yao, mara nyingi makali kuliko sheria yenyewe. Nahodha anaweza kukataa mzigo wa daraja la saba hata kama karatasi zote ni safi. AIEA imekuwa ikizungumzia kero hiyo ya kukataliwa kwa mizigo tangu miaka ya 2000, na wauzaji wa tantali ni kati ya wanaolalamika zaidi.

Mwezi uleule wa tangazo la Kolwezi, serikali ya Kinshasa ilitia saini amri iliyofanya kobalti, koltani na jermani kuwa madini ya kimkakati, na ushuru wake ukapanda hadi asilimia 10. Kwa kupima thamani ya madini, dola haikuchelewa.

Kuna wanaodhani suala la mionzi Kongo ni suala la Shinkolobwe peke yake. Inaeleweka. Urani ya mgodi huo ilipelekwa Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia na ikaingia katika mabomu ya kwanza ya atomiki. Mwaka 1940, zaidi ya tani elfu moja za madini hayo zilikuwa tayari zimelala kwenye ghala la Staten Island, New York, kabla hata jeshi la Marekani halijaja kuzitafuta. Wabelgiji walifunga mashimo kabla ya uhuru. Wachimbaji wa mikono walirudi wakitafuta kobalti, rais Joseph Kabila akatoa amri ya kufunga mwezi wa kwanza mwaka 2004, na miezi sita baadaye, mwezi wa saba, shimo likaporomoka na kuua watu ambao kwa amri hawakupaswa kuwa humo. Likasi pia wana kumbukumbu hiyo.

Halafu kuna hadithi ya vijiti. Katika miaka ya 1970, vijiti viwili vya mafuta ya nyuklia viliibwa kwenye kituo cha Kinshasa. Kimoja kilikamatwa mwaka 1998 nchini Italia, mikononi mwa watu wa mafya waliotaka kukiuza. Cha pili hakijaonekana hadi leo. Hapo ndipo maneno mawili ambayo kwa Kiswahili yanachanganywa, yote yakiitwa "usalama", yanapoachana. Kuna kumkinga mtu na mzigo: asivute vumbi, asilale karibu nao, asinywe maji yake. Na kuna kuukinga mzigo na mtu: usiibwe, usigeuzwe njia, usiishie mikononi mwa mwenye nia mbaya. Kongo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa ulinzi wa vitu vya nyuklia mwaka 2004, na itifaki ya ziada inayowapa wakaguzi wa AIEA nafasi pana zaidi inatumika nchini tangu mwaka 2003. Mikataba hiyo ilifikiria zaidi vijiti kuliko mifuko.

Koltani haiwezi kutengenezwa bomu, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu wapo matapeli wanaoishi kwa uvumi wa aina hiyo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilitaja makasha zaidi ya 50 yenye urani au sesiumu yaliyokamatwa Kinshasa na pembeni yake katika miaka iliyotangulia. Mtu anayeoneshwa kisanduku kizito chenye maandishi ya Kiingereza usiku ndani ya nyumba ya kukodi anauziwa woga wake mwenyewe. Visanduku halali vipo, na vinasafiri kila wiki: vipimo vya ugumu wa udongo vinavyotumiwa na wajenzi wa barabara, vyombo vya viwandani kule Kolwezi vyenye sesiumu ndani. Hivyo vinafungwa katika vifungashio vilivyojaribiwa. Vile vya mionzi mikali kabisa vinaangushwa kutoka mita 9 na kuchomwa kwa nusu saa kwenye moto wa digrii 800 kabla ya kuruhusiwa. Dereva wake anajua anachobeba. Ni ajabu kidogo kwamba chombo cha kilo chache kinasafiri na karatasi zote hizo, na tani ishirini za koltani zinasafiri na turubai.

Sasa turudi Masisi. Waasi wa M23 walichukua Rubaya mwezi wa nne mwaka 2024. Goma ilianguka mwezi wa kwanza mwaka 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba koltani ya Rubaya inavushwa hadi Rwanda, tani zaidi ya mia kwa mwezi, na kuchanganywa na ya huko. Kinshasa ilijibu mwezi wa pili mwaka 2025 kwa kuweka migodi ya Masisi na Kalehe kwenye rangi nyekundu: kununua na kuuza madini ya huko ni marufuku. Kwa sheria, basi, mzigo huo haupo. Mzigo usiokuwepo hauna mtumaji, hauna ruhusa ya CNPRI, hauna kipimo.

Lakini unatembea. Na unapovuka mpaka na kuchanganywa, ndipo unapopata mtumaji mpya, cheti kipya na, ikiwa mnunuzi anadai, kipimo cha kwanza cha mionzi. Rwanda ina sheria yake ya mionzi, chini ya mamlaka ya RURA, na mnunuzi wa ng'ambo anataka kujua mapema kama atalipia kontena la daraja la saba, kwa sababu bei ya meli inabadilika. Gharama hiyo haimezwi na mnunuzi. Inashuka ngazi kwa ngazi, kutoka komptwari hadi negosian, kutoka negosian hadi PDG wa shimo, hadi kwa kijana mwenye tindo. Anakatwa pesa kwa ajili ya mionzi ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaivuta.

Hata kabla ya vita kufika Goma, hali haikuwa nzuri zaidi kwa upande huu. Etiketi ya plastiki iliyofungwa kwenye mfuko ilisema umetoka shimo gani, ili mnunuzi wa Ulaya au Marekani awe na hakika kwamba hakulipia bunduki. Mfumo mzima wa kufuatilia koltani ulijengwa kwa swali hilo, na swali la pili, mfuko huu unamfanya nini anayeubeba, lilibaki bila etiketi. Kipimo cha mkononi cha mionzi si chombo cha anasa, kinaingia mfukoni mwa koti. Kingeweza kuwekwa pale ambapo mifuko yote ilikuwa inapita na kupimwa uzito. Wakaguzi wa madini walikuwa pale. Mzani ulikuwa pale.

Wapo watakaosema, na hawana makosa, kwamba kipimo kipya kwenye barabara za Kivu kitazaa baryeri mpya. Ajenti atasimama na kimashine kinacholia, atasema mzigo wako una mionzi, lipa. Atalia nacho hata kwa maharagwe. Ndizi na maharagwe vina mionzi kidogo ya asili, na kimashine kikiwekwa kwa mtu asiye na aibu kinaweza kulia popote. Ndiyo maana namba ina uzito kuliko mlio. Bekereli 10 kwa gramu ni mpaka unaoweza kuandikwa kwenye ubao, na mwenye mzigo anaweza kudai aoneshwe karatasi ya maabara. Ajenti asiyejua namba hiyo hapaswi kupewa kimashine. Na asiye wa CNPRI, au asiyetumwa nayo kwa maandishi, hapaswi kukata hukumu.

Kuna pia jambo la nani anayelipa kosa likitokea. Kanuni za AIEA zinamtwika mtumaji: yeye ndiye anayepaswa kujua ndani ya mfuko kuna nini, kuufunga inavyotakiwa, kuandika karatasi. Msafirishaji anafuata. Katika koltani ya Kivu mtumaji wa kweli anajificha kwa makusudi, kwa kuwa jina lake likionekana ataulizwa mengi kabla ya mionzi. Anayeonekana ni dereva. Polisi wa nchi jirani wakifungua turubai, yeye ndiye atakayelala kizuizini.

Vita vikiisha, au hata makubaliano yakiruhusu tu barabara kufunguliwa na madini ya Masisi kurudi kuwa ya kijani, wanunuzi watarudi na fomu zao, na safari hii fomu hizo zitakuwa na mstari wa mionzi. Kinshasa ina muda sasa wa kuamua ni nani kati ya CNPRI na CGEA atakayesimama Goma na Bukavu, na kufundisha watu wake. Ina pia nafasi ya kuongea na Kampala, Dodoma na Lusaka ili kipimo kilichofanyika Kongo kikubaliwe njia nzima hadi melini. La sivyo vipimo vitaendelea kufanyika mahali ambapo Mkongo hayupo, na majibu yatakuja kama makato kwenye bei.

Swali gumu zaidi ni lile lililoshindikana Likasi. Kontena likikataliwa Dar es Salaam kwa sababu limezidi kiwango, litarudi kwa nani? Koltani ni ya thamani kuliko yale madini ya shaba, hakuna dereva atakayeimwaga yote mtoni. Atatafuta depo, atafungua mifuko, atachanganya na madini mepesi mpaka kipimo kishuke, na kazi hiyo itafanywa kwa koleo, ndani ya kartye, na vijana wasiokuwa na kitu puani.